Kinywa, Damu na Siku za Ugonjwa: Hotuba kwa Wanachama wa Kitengela na Kajiado



Leo hatusemi juu ya mishahara. Twasema juu ya kinywa, na wengine watacheka. Lakini jambo hili lafika mpaka kazini, kama mtakavyosikia.

Katika kinywa cha kila mtu wamo wadudu wasioonekana kwa macho, wengi wao wa jamii ya streptokoki. Hata tupigapo mswaki wachache hupenya katika damu. Mwenye afya hadhuriki, maana chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili, huwaua upesi. Lakini mwenzetu anayetiwa dawa za saratani ana shida mbili kwa pamoja. Dawa huchubua kinywa zikaacha vidonda, tena hupunguza askari, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kutiwa. Ndipo wadudu wale wale wa siku zote huenea katika damu, na mtu aweza kufa.

Mara nyingi dalili ni homa tu. Usaha hauonekani, kwa kuwa askari wanaoufanya ni wachache. Basi kipimajoto kikionyesha digrii 38, asingoje zamu iishe, wala asimeze vidonge vya homa akalala. Aende hospitali saa ile ile, na neno lake la kwanza liwe, "Natiwa dawa za saratani." Dawa ya kuua wadudu hupigwa sindano bila kungoja majibu ya damu.

Kabla ya matibabu amwone daktari wa meno. Huku kwetu wako wanaoona haya kufunua meno ya kahawia. Rangi hiyo yatokana na floraidi nyingi katika maji ya visima, mtu akiyanywa tangu utotoni, si uchafu. Jino bovu ni jambo jingine: ling'olewe mapema, kidonda kipone kwanza.

Sasa kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu mshahara, katika miezi 12. Apeleke habari mapema, pamoja na cheti cha daktari. Sisi twaona siku 14 ni chache mno kwa ugonjwa ambao dawa zake hutiwa miezi mingi. Lakini sheria imesema "zisizopungua"; haikukataza kuongeza katika mapatano ya chama na waajiri. Wajumbe wa kila kiwanda waje mkutano ujao na mapatano yao mkononi, tuhesabu siku.