Mlipa Karo ya Mtafiti

Juma hili tuziache siasa kidogo, tuzungumzie jambo lisilopigiwa kelele na mtu: nani analipa gharama za utafiti wa elektroniki katika vyuo vikuu, na akishalipa anapata nini.

Twende Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya chipu vya nchi hiyo vilikuwa vinatokwa jasho mbele ya Wajapani. Vikatazama vyuoni vikaona walimu na wanafunzi wanaoshughulikia silikoni ni wachache mno. Mhandisi wa kuajiri kesho haonekani. Basi mwaka 1982 kampuni zilizokuwa zikinyang'anyana wateja sokoni, zikiwamo IBM, Intel na Motorola, zikachanga fedha katika kapu moja. Likazaliwa shirika liitwalo Semiconductor Research Corporation, huko North Carolina, ambalo lipo mpaka leo. Lilitunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya mwaka 2005.

Utaratibu wake si mgumu. Kampuni hazimwagizi profesa atengeneze bidhaa. Zinagharimia utafiti wa awali, ule ambao bado haujafika mahali pa kushindana, na matokeo yake kila mwanachama ana ruhusa ya kuyatumia. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, si ripoti zinazojaa makabatini. Ni yule kijana anayemaliza shahada ya uzamivu akiwa ameshajua matatizo halisi ya kiwanda, na kiwanda kimeshamjua yeye.

Wengi wakifika hapo hupiga makofi na kwenda zao. Lakini fedha zinapoonekana, udugu hupimwa. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kilikuwapo kituo cha utafiti wa kuhifadhi data kilichokuwa kikichangiwa na viwanda. Humo profesa José Moura na mwanafunzi wake Aleksandar Kavčić walibuni njia ya kusoma kwa usahihi data za diski za kompyuta hata pale kelele za sumaku zinapozivuruga. Chuo kikaipatia hataza. Mwaka 2009 kikaishitaki kampuni ya Marvell, kikidai kwamba chipu zake zinatumia njia hiyo bila idhini. Mwaka 2012 baraza la mahakama likakubali: senti 50 za dola kwa kila chipu, na chipu zenyewe zilikuwa bilioni 2.34. Pigeni hesabu wenyewe. Ni dola bilioni 1.17. Rufaa ikafuata, na mwaka 2016 pande mbili zikamalizana kwa dola milioni 750. Kwa hiyo wanaodhani karatasi ya profesa ni ya kufungia maandazi wafikiri upya.

Mbona basi kila chuo kisifunge milango na kusubiri mahakama? Kwa sababu kuna upande wa pili. Huko Berkeley, California, miaka ya 1970, profesa Donald Pederson na mwanafunzi wake Laurence Nagel walitoa SPICE, programu ya kujaribu saketi ndani ya kompyuta kabla haijaundwa. Pederson hakuiuza, aliigawa. Hoja yake ilikuwa kwamba muuzaji huzuiwa mlango wa mbele, lakini aliyekuja kutoa hupita mlango wa nyuma na kuona kila kitu kinachofanyika ndani. Wahandisi wa viwandani wakaitumia, wakaona kasoro, wakazirudisha chuoni zirekebishwe. Ikawa kipimo cha dunia nzima. Mie nampa Pederson kura yangu, ingawa wahasibu wa vyuo huenda wasinisamehe.

Afrika Mashariki nayo imo. Nyeri, nchini Kenya, kampuni ya Semiconductor Technologies Limited ina kiwanda chake ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Rais Uhuru Kenyatta alikifungua mwaka 2021. Ni hatua ya kupongezwa. Mwanafunzi kutembea kwa miguu kutoka darasani hadi kwenye chumba kisichoruhusu hata vumbi si jambo dogo.

Ila popote chuo na kiwanda vinapoketi kuandikiana mkataba, mtu aufungue ukurasa wa hataza na ule wa uchapishaji. Ni kawaida kampuni kuomba ilisome andiko kwanza, siku 30 au 60, ili iombe hataza kabla siri haijatoka. Hilo halina ubaya. Ubaya ni pale mkataba usipotaja siku. Kampuni itakaa na andiko miezi, mshahara wa profesa utaendelea kuingia, na mwanafunzi atakuwa nje ya ofisi ya mkuu wa idara, ameshika tasnifu aliyokwisha kuiandika na haruhusiwi kuitetea.