Tuangalie Kinyesi Kabla ya Kununua Dawa

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya wafugaji wa mbuzi, Kinondo)

Leo tutazungumza juu ya mavi ya mbuzi. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana tutayataja mpaka mwisho.

Masika yakishakolea, kila boma tunalopita twaonyeshwa mbuzi aliyekonda, manyoya yamesimama, mkia umechafuka. Na jawabu ni lile lile: mtu aende Ukunda alete chupa ya dawa ya minyoo. Pesa ni za kikundi. Akipona, dawa nzuri; akifa, Mungu amependa. Hakuna aliyeuliza kama ana minyoo kweli, wala ni minyoo gani.

Wengi wetu tukiona kwenye kinyesi vipande vyeupe kama punje za wali tunashtuka. Hivyo ni vipande vya tegu, na tegu kwa mbuzi mara nyingi hana madhara makubwa. Muuaji ni mwingine, ambaye kwenye kinyesi hamumwoni kwa macho: mnyoo wa duara, mwembamba kama uzi, urefu sentimita 2 hadi 3, wataalamu humwita Haemonchus. Hukaa katika tumbo la nne akinyonya damu, na jike mmoja hutaga mayai maelfu kwa siku. Mbuzi mwenye mnyoo huyu huenda asiharishe hata kidogo. Kope zake kwa ndani huwa nyeupe, chini ya taya panavimba maji, kisha asubuhi moja mnamkuta amelala, hainuki.

Anayeharisha naye, hasa mtoto wa mbuzi, aweza kuwa na koksidia. Hiyo si minyoo, na dawa ya minyoo haiigusi. Tena huku kwetu, karibu na msitu wa Shimba Hills, kukosa damu kwaweza kuletwa na mbung'o; hapo hupimwa damu, si kinyesi.

Maabara wafanyaje? Huvuruga gramu chache za kinyesi katika maji yaliyokolea chumvi. Mayai ya minyoo ya duara ni mepesi kuliko maji hayo, basi huelea, na uchafu mwingi hubaki chini. Kisha huhesabiwa kwa hadubini katika kioo chenye mistari, njia iliyotoka maabara ya McMaster, Australia, miaka ya 1930. Kwa kipimo cha kawaida, yai moja likionekana, wanaandika mayai 50 kwa kila gramu. Yai la mnyoo wa mjeledi lina umbo la limau lenye vizibo ncha zote mbili, halikosewi. Lakini mayai ya Haemonchus na jamaa zake yafanana mno; kuwatenga, kinyesi huwekwa kama wiki moja mpaka viluwiluwi vitoke. Basi msikasirike mkiambiwa mrudi.

Kazi yenu ni kuleta kinyesi kizuri. Msiokote chini! Udongo una vijinyoo vyake visivyo vya mbuzi, vitampoteza mpimaji. Vaeni glavu, mtoe mkunduni polepole, mjaze kichupa safi mpaka juu ili hewa isibaki, mfunike, mwandike jina la mbuzi na tarehe. (Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, tusiitafute.) Kwa joto letu mayai huanguliwa kwa siku moja tu, kwa hiyo kichupa kikae kwenye barafu, kisigande, na kifike siku hiyo hiyo kwa afisa wa mifugo. Yeye akishindwa, iko maabara ya uchunguzi ya mifugo Mariakani.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu dawa zinachoka, na habari hii si ya mbali. Mwaka 1995 watafiti walichapisha ushahidi kwamba kwa kondoo na mbuzi waliofugwa pamoja hapa pwani ya Kenya, minyoo ilikuwa imezoea dawa zaidi ya aina moja. Tangu 1991 hadi 1996, katika shamba la Baobab, Diani, watafiti walilinganisha pia mbuzi, na yule mbuzi wetu mdogo wa kienyeji alistahimili minyoo kuliko Galla. Tusiwe wepesi kumdharau.

Mkishanywesha dawa, rudisheni kinyesi cha mbuzi wale wale baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yatakiwa yapungue kwa asilimia 95 au zaidi. Yasipopungua hivyo, kwanza tuulize kipimo: mbuzi alipimwa uzito au alikisiwa? Alipewa kipimo cha kondoo? Kama kipimo kilikuwa sawa, tubadilishe jamii ya dawa, si rangi ya chupa. Albendazoli na fenbendazoli ni ndugu. Levamisoli ni ukoo mwingine, ivermektini mwingine tena. Kwa hiyo mkija na vichupa vya kinyesi, leteni na chupa ya dawa mliyotumia, hata kama ni tupu, tuisome pamoja.