Maumivu Nayo Yana Hesabu Yake

Tumefika miaka kumi tukiwa bado na sanduku letu, funguo zake tatu na umoja wetu.

Leo hatutasema habari za hisa. Tunataka kukiri kosa. Mwenzetu mmoja alikuwa akikosa mkutano karibu kila mwezi, nasi tukamtoza faini kwa mujibu wa katiba. Kumbe yuko kitandani, amejikunja kwa tumbo la chango. Kila alipokwenda kutibiwa alipewa Panadol, akaambiwa ni kawaida ya wanawake, akizaa yatakwisha. Akazaa, hayakwisha. Miaka sita, jamani! Na sisi wa faini tulikuwa na tofauti gani na hao waliomrudisha nyumbani?

Yako maradhi yanaitwa endometriosisi. Nyama zinazofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, zikaleta maumivu makali na pengine ugumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba humpata mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Hata picha ya ultrasaundi yaweza isionyeshe kitu, na ugonjwa upo. Happiness Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alijitokeza hadharani akasema anao. Ikiwa yeye aliteseka miaka mingi, sembuse mama wa Bassotu au Dongobesh?

Basi tulifanya nini? Kikundi kimetufundisha kwamba fedha isiyoandikwa huzaa ugomvi. Tukampa daftari. Miezi mitatu aliandika tarehe, panapouma, siku za hedhi, dawa alizomeza na kazi iliyomshinda: kuchota maji, kupalilia, kukamua. Mfuko wa jamii ukatoa nauli, wawili wetu tukamsindikiza. Daktari alipoanza na "ni kawaida", tukafungua daftari. Akasoma, akanyamaza, akauliza maswali, akaandika rufaa. Huko ugonjwa ukapata jina, na mwenzetu akapata dawa. Hajapona, maana hakuna dawa ya kuumaliza kabisa, lakini sasa siku zake zikifika anaamka na kwenda shambani.

Akina mama, hatuendi hospitali kugombana. Wagonjwa ni wengi, waganga ni wachache. Tunauliza kwa adabu: "Daktari, unadhani ni nini? Kipimo gani kinafaa? Kama hapa hakipo, tuandikie rufaa." Na binti akilia kila mwezi, tusimwambie avumilie kama tulivyovumilia sisi.

Ile faini tumemrudishia yote. Tangu hapo, anayekosa mkutano tunamfuata kwanza nyumbani, tukamwone.