Mfanyakazi anapoaga

Siku ya kwanza kazini huwa na bashasha zake. Mgeni hutembezwa ofisini, huonyeshwa meza yake, na hutajiwa majina kumi ambayo nusu yake atakuwa ameyasahau kabla ya adhuhuri. Siku ya mwisho, mara nyingi, hakuna ajuaye la kufanya. Mkuu wa idara hujifungia chumbani, mhasibu husema faili halijarudi, na anayeondoka husimama ukumbini na mizigo yake.

Msikilizaji, mambo huharibika mapema zaidi, pale barua ya kuacha kazi inapowekwa mezani. Wapo waajiri wanaoipokea kama tusi. Mtu aliyetumika miaka minane huitwa msaliti, haalikwi tena vikaoni, na salamu yake haijibiwi. Lakini muda wa notisi haukuwekwa ili watu wanuniane. Ni muda wa makabidhiano. Mteja gani hulipa kwa kuchelewa, mashine ipi hukwama wakati wa joto, mkataba wa zamani uko kabati gani: hayo hayamo katika faili lolote. Yamo kichwani mwa mtu, na aliyenuniwa hana sababu ya kuyatoa.

Katika Ghuba, ambako Waswahili wengi wanapata riziki, jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Hadi mwisho wa mwaka 2020, mfanyakazi wa kigeni nchini Oman aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine alihitaji barua ya mwajiri wake wa kwanza, kwamba hana pingamizi. Aliyeikosa alizuiwa kurudi kufanya kazi nchini humo kwa miaka 2. Kuagana vibaya kuliweza kumgharimu mtu riziki yake. Sharti hilo liliondolewa Januari 2021 kwa waliomaliza mikataba yao.

Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria ya kazi ya mwaka 2021 inataka notisi ya siku 30 hadi 90. Mwajiri akiwa ndiye anayevunja mkataba, mfanyakazi huruhusiwa siku moja kila wiki, bila malipo, akatafute kazi kwingine. Aliyetimiza mwaka hupata kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Stahili zote hulipwa ndani ya siku 14. Watumishi wa majumbani wana sheria yao.

Kiinua mgongo, basi, ni deni. Bosi anayekitoa kwa mkono mzito, akitarajia kushukuriwa, amejisahau. Tanzania nayo, kwa sheria ya mwaka 2004, humtaka mwajiri anayemwachisha mtu mbali na mahali alikoajiriwa amsafirishe arudi huko, na amlipe posho ya kila siku wakati anaposubiri safari.

Kupunguza wafanyakazi ni kugumu zaidi. Habari hiyo haifai kufika kwa ujumbe wa simu, wala kupitia mlinzi wa getini aliyeamriwa kuchukua kitambulisho. Anayefaa kuitoa ni msimamizi mwenyewe, faraghani, hesabu ya malipo ikiwa imeandikwa tayari. Waliobaki waambiwe siku hiyo hiyo. Wao ndio wanaotazama kwa makini kuliko wote, maana kila mmoja anajiona katika kiti kile.

Baadhi ya makampuni humhoji anayeondoka ili yajue kilichomchosha. Ni desturi nzuri, ila hufanywa kabla ya malipo. Mtu ambaye hundi yake bado imeshikwa atasifu hata chai ya ofisini. Alipwe kwanza, ndipo aulizwe.

Kisha kuna cheti cha utumishi, ambacho waajiri wengine hukizuia kwa kisasi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 haimlazimishi mwajiri kusifu tabia ya mtu. Inataka majina ya pande mbili, aina ya kazi na mahali ilipofanyika, siku ilipoanza na siku ilipokoma. Anayekataa kwa makusudi kukitoa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili.