Sista, maji ya moto yanazuia mimba?

Muuguzi wa afya ya uzazi alizungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu baada ya vipindi. Haya ndiyo aliyowaambia.

Leo nilijiandaa kuzungumza juu ya hedhi, lakini kwenye kisanduku cha maswali nimekuta kikaratasi kilichonifanya nibadilishe somo. Kinasema: "Sista, nimeambiwa mkifanya mapenzi ndani ya jakuzi la hoteli mimba haiingii, eti maji ni ya moto na yana dawa. Ni kweli? Nijibu kabla ya Jumamosi."

Wewe uliyeandika, sikujui na sitakutafuta. Jibu langu ni hili: si kweli.

Kwa ambao hamjaliona, jakuzi ni beseni kubwa la maji ya moto yanayozungushwa na pampu mpaka yanatoa mapovu. Wageni wengi huoga humo katika maji yaleyale, ndiyo maana hutiwa klorini. Lakini jamani, klorini inafanya kazi kwenye maji. Mbegu za kiume zinamwagwa ndani ya uke, na maji hayazifuati huko. Joto je? Mwanamume akizoea kukaa kwenye joto kali mbegu zake zinaweza kupungua, lakini mamilioni yanabaki, na mimba inahitaji moja tu.

Na magonjwa? VVU, kisonono na kaswende vinaambukizwa majini kama vinavyoambukizwa kitandani. Tena maji yanaosha ute wa asili wa uke. Ngozi inasuguana kavu, inachubuka, na mchubuko ni mlango wa VVU. Maji yenye dawa na vijidudu yakisukumwa ndani huleta muwasho, na unaweza kupata maambukizi ya njia ya mkojo.

Naona mkono pale nyuma. "Sista, si watavaa kondomu?" Swali zuri. Kondomu hazikupimwa kwa matumizi ya ndani ya maji. Humo huvuka kwa urahisi bila ninyi kujua, na mafuta ya kujipaka huharibu mpira wake.

Sasa msitoke hapa mkaogopa kuogelea. Kukaa majini na mwenye VVU hakukuambukizi. Ila jakuzi lisilotunzwa lina hatari zake hata kwa anayeoga tu. Joto humaliza klorini upesi, vijidudu vinazaliana, na baada ya siku chache unatoka vipele vinavyowasha. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, mvuke wa jakuzi la maonyesho ulieneza vijidudu vya nimonia kali. Watu wasiopungua 30 walikufa, na wengi wao walipita karibu tu. Kwa hiyo maji ya moto si dawa.

Turudi kwenye Jumamosi. Jiulize: nani anakupeleka hotelini, na nani analipa? Kama ni mtu mzima, ujue kwamba kwa sheria ya Tanzania mwanamume anayelala na mwanafunzi wa kike wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Kama ni mwenzako wa rika, bado una haki ya kusema hapana. Anayekupenda hatakudanganya kwamba maji yanazuia mimba. Mwambie, "Sista amesema siyo kweli, siendi." Kama unaogopa kusema, mwambie shangazi, mama au mwalimu unayemwamini.

Na kama limeshatokea, usijifungie chumbani ukilia. Kujisafisha ndani kwa maji hakusaidii, kunaongeza michubuko. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo hufanya kazi vizuri zaidi ukivimeza mapema.

Nitakaa hapa chini ya mwembe mpaka saa kumi na moja. Anayetaka kuniuliza faraghani, aje.