Yupo, Yuko, Yumo: Sarufi ya Kiswahili na Kuwapo kwa Mungu katika Imani ya Kikristo



Miaka mingi iliyopita tulimzika mdogo wangu. Pale kaburini mama yangu aliuliza, "Mungu yuko wapi?" Mhubiri akamjibu, "Mama, Mungu yupo," kisha akafafanua kwamba ulimwengu hauwezi kuwa umejiumba wenyewe. Hoja ilikuwa nzuri, lakini mama hakufarijika. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa isimu, nikabaini kwamba wawili hao walitofautiana kwa kiambishi kimoja. Mhadhara huu unakihusu kiambishi hicho.

Kiswahili hakitaji kuwapo bila kugusia mahali. Msemaji wa Kilatini aliweza kusema *Deus est* na kuishia hapo. Sisi tukisema "Mungu ni", msikilizaji atangoja tumalizie. Hatuna budi kuchagua: yupo, yuko au yumo. Kwa kawaida -po huashiria mahali dhahiri, -ko mahali pasipo dhahiri au pa mbali, na -mo ndani ya kitu. Hata "kuna Mungu" huanza na ku- ya mahali.

Je, hiki si kikwazo kwa teolojia? Wakristo hufundisha kwamba Mungu ameumba hata mahali penyewe. Hawezi basi kuwa mkazi wa pembe fulani ya ulimwengu. Thomas Aquinas (1225–1274), katika *Summa Theologiae*, alitoa njia tano za kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, akianza na mwendo wa vitu. Hakukomea hapo. Aliuliza pia kama Mungu yumo katika vitu, akajibu kwamba yumo: si kama sehemu ya vitu hivyo, bali kama mtendaji alivyo pamoja na kile anachokitenda, kwa kuwa kila kitu hupokea kuwa kwake kutoka kwa Mungu. Kwa maneno yetu, yumo bila kufungiwa ndani, na yuko ng'ambo ya vyote bila kuwa mbali.

Wafasiri wa Biblia walikabiliwa na suala hilohilo katika Kutoka 3:14, Musa anapouliza jina la Mungu. Jibu la Kiebrania limejengwa juu ya neno *ehyeh*, umbo la kitenzi cha kuwa linaloweza kufasiriwa kwa wakati uliopo au ujao. Wafasiri wa Kigiriki walichagua usemi wenye maana ya "yule aliyeko". Biblia ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, ilitumia "niko". Lakini tutazame nyuma kidogo, katika mstari wa 12. Neno lilelile *ehyeh* limetumika pale Mungu anapomwahidi Musa kuwa pamoja naye. Kabla ya kuwa jina, neno hilo lilikuwa ahadi ya kuandamana na mtu mwenye hofu.

Nisieleweke vibaya. Sarufi haithibitishi kwamba Mungu yupo. Hadithi zetu husema "zimwi yupo" kwa sarufi hiyohiyo. Ninachodai ni kidogo zaidi: kiambishi cha mahali, tulichodhani ni upungufu wa lugha yetu, kinatukumbusha kwamba katika imani hii swali la kuwapo kwa Mungu halitengani na swali la kuwa pamoja na nani.

Mhubiri yule alijibu kama Mungu yupo au hayupo. Mama hakuwa na shaka juu ya hilo. Aliuliza kwa -ko kwa sababu alimwona Mungu yu mbali. Katika Injili ya Yohana, sura ya 11, Martha na Mariamu nao wanamwambia Yesu kwamba angalikuwapo, ndugu yao Lazaro asingalikufa. Yesu alizungumza na Martha juu ya ufufuo. Lakini alipomwona Mariamu akilia, naye alilia, kabla hajafika kaburini. Kwa Mkristo anayeamini kwamba huyo ndiye Mungu aliyefanyika mtu, machozi hayo ni sehemu ya jibu. Mama yangu alistahili kuisikia sehemu hiyo kwanza.