Theluji Inayoporomoka Mlimani



Jioni hii twataka kuzungumza habari za theluji ya milima ya Alpi, katika nchi ya Uswisi na jirani zake. Sisi tukiitazama Kibo kwa mbali twaona weupe mtupu, tukadhani kwamba theluji ni kitu kimoja tu, tena kimetulia.

Huko Alpi sivyo. Theluji ya miezi ya baridi huanguka mara kwa mara, ikajipanga matabaka kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine. Matabaka mengine hushikamana sana. Mengine ni chembe chembe kama sukari. Basi tabaka gumu likikaa juu ya chembe hizo, penye mteremko wa digrii 30 au zaidi, uzito wa mtu mmoja waweza kulivunja. Mkeka wote wa juu huteleza, naye yumo. Katika ajali zilizo nyingi za namna hii, aliyeliamsha poromoko ni yeye aliyefunikwa, au mwenziwe.

Mwezi wa Machi na Aprili, baridi ipunguapo, huingia hatari nyingine, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza hasa. Mchana jua huyeyusha theluji ya juu. Maji hupenya kati ya chembe, yakazilegeza. Usiku, mbingu zikiwa wazi, joto la theluji hupaa, maji yale yakaganda tena, na uso wa mlima ukawa mgumu kama sakafu. Hivyo mteremko ule ule uliomchukua mtu salama saa 12 asubuhi waweza kumwua saa 6 mchana. Na watu hudhani siku ya jua zuri ndiyo siku ya amani! Miteremko itazamayo mashariki hulegea kwanza, kisha ya kusini, na ya magharibi mwisho.

Kwa hiyo wapandaji wenye busara huondoka kungali giza, wakawa wameshuka kabla ya adhuhuri. Lakini saa peke yake haitoshi. Mawingu ya usiku huwa kama blanketi: theluji haigandi vema, na asubuhi hatari ingali pale pale. Mguu ukizama hadi gotini, au mabonge ya theluji yakianza kujiviringisha yenyewe kutoka penye miamba, ni kurudi tu. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana ni vigumu kukipa kisogo kilele ulichokitamani mwaka mzima.

Mjini Davos wataalamu wameichunguza theluji tangu miaka ya 1930, na siku hizi wakati wa baridi hutoa habari za hatari kila siku, kwa daraja 1 hadi 5. Daraja la 3 laonekana la katikati tu, nalo ndilo linaloua wengi.

Theluji yenye maji haiendi mbio kama ile kavu, lakini ni nzito mno, na ikisimama hukaza kama udongo wa ukuta uliokauka. Aliyefunikwa hawezi kujigeuza wala kuinua mkono. Wengi hufa kwa kukosa pumzi, si kwa baridi. Akifukuliwa katika dakika 10 za kwanza, aghalabu huokoka. Nusu saa ikipita, walio wengi wamekwisha kufa. Msaada wa kijijini ni shida kufika kwa muda huo, hata ukija kwa ndege. Ndiyo sababu kila mpandaji huchukua koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na chombo kidogo cha redio kilichofungwa kifuani, kinachotoa alama mfululizo, ili wenzake walio juu ya theluji wajue pa kuchimba.